Mita Sitini na Tisa na Sentimita Ishirini na Nane

Siku ya kwanza ya somo la aljebra pale Mbarara, watu walimuua mwizi chini ya dirisha letu. Chuo chetu kilikuwa kwenye ghorofa moja mtaa wa Nyamityobora, juu ya duka la magodoro, na mhadhiri alikuwa ndiyo kwanza ameandika ubaoni mstari wenye x mbili na alama ya sawasawa katikati. Kelele zikaanza. Sisi tuliokaa karibu na dirisha tulimwona mtu mwenye shati la njano akikimbia kutoka upande wa soko, akajikwaa, na hakuinuka tena. Walimpiga kwa matofali na kwa mateke. Mama mmoja alitoka na mwiko wa kusongea posho, yaani ugali, akampiga nao kichwani huku akimhesabia. Mhadhiri alikuja akafunga dirisha kwa utulivu, akarudi ubaoni, akasema tuhamishe x zote upande mmoja.

Nilihamisha. Tena nilihamisha upesi kuliko wote, na nilipopata jibu nilisikia raha ambayo naona haya kuisema. Nje mtu anakufa, humu ndani x ni nne. Ilikuwa mwaka 2012, nina miaka ishirini na sita, mkimbizi kutoka Kivu Kusini, na maiti nilikuwa nimeziona za kunitosha. Hesabu ilikuwa kitu pekee nilichokijua ambacho hakikuwa na damu. Niliipenda kwa sababu hiyo, na kwa sababu hiyo hiyo niliiamini kupita kiasi.

Si kwamba nilifundishwa hesabu kwa upole. Kule kwetu, milimani juu ya ziwa, mwalimu wa sekondari alitufundisha kwa Kifaransa na kwa rula ya chuma. Kosa moja, kipigo kimoja kwenye vifundo vya vidole. Kufikia mwaka wa tatu vidole vyangu vilikuwa vimevimba na aljebra ilikuwa imeingia. Sura ya trigonometria tulipangiwa kuianza Jumatatu. Jumamosi yake wenye bunduki walipanda mlima, wakamkata mjomba wangu shingo mbele ya mlango wake, wakaichoma shule. Kwa hiyo niliingia Uganda nikijua kutafuta x, lakini sini na tangenti nilizijua kwa majina tu.

Nakivale, kambi ya wakimbizi, tulifika wanne: baba, mama, kaka yangu mkubwa, ambaye kwetu anaitwa yaya, na mimi. Baba hakuwa mkulima. Ujana wake wote aliwabebea vyombo wapima ardhi wa ofisi ya serikali kule mjini, watu waliofundishwa kazi na Wabelgiji, na mwishowe wakamwachia apime mwenyewe. Alikimbia na vitu viwili, Biblia na kipimapembe cha shaba alichokichomeka ndani ya soksi. Ofisi ya kambi ilipotugawia mashamba, wenzetu waliridhika na askari aliyepiga hatua na kuchimba alama kwa jembe. Baba alilipima la kwetu upya, siku nzima, akalichora kwenye daftari. Mwaka wa pili malaria ikamchukua. Siku ya mazishi kile kipimapembe kilipotea, na yaya akamvunja binamu yetu meno mawili kwa kumshuku tu. Hakuwa yeye.

Yaya ndivyo alivyokuwa. Mkono wake ulitangulia mdomo. Alichapana na wachungaji waliopitisha ng'ombe kwenye mahindi, alichapana bombani kwenye foleni ya maji, alichapana na mtu mmoja kanisani kwa sababu ya nani akae kwenye benchi. Lakini mimi hakuwahi kuniinulia mkono hata siku moja. Kanisa letu liliponipatia nafasi chuoni, yeye ndiye aliyenibebea godoro kichwani hadi stendi, na akawaambia abiria wote kwamba dada yake anakwenda kuwa mtu.

Shamba lenyewe lilikuwa na umbo la pembetatu. Upande wa chini uliifuata barabara, kutoka jiwe hadi nguzo. Kwenye nguzo mpaka ulipinda kwa kona mraba ukapanda mlima moja kwa moja. Upande wa tatu ulikuwa njia ya zamani ya ng'ombe, iliyoanzia pale kwenye jiwe na kupanda mshazari mpaka ikakutana na ule mpaka wa nguzo huko juu. Ng'ambo ya njia alilima jirani yetu, mtu wa kwetu kabisa, mzee wa kanisa letu, mwenye sauti ndogo na jembe kubwa. Kila mwaka yeye aliila njia kidogo upande wake na sisi tukaila kidogo upande wetu, hadi siku moja njia ikawa haipo. Hapo ndipo yaya alipoanza kusema tumeibiwa, na jirani akaanza kusema tumemwibia yeye.

Muhula wa pili tuliingia trigonometria. Mhadhiri alichora pembetatu yenye kona moja mraba, akasema ukijua upande mmoja na pembe moja, tangenti itakupa upande mwingine hata kama huwezi kuufikia kwa miguu, hata kama una mto katikati, hata kama una adui. Darasa lilicheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa naliona daftari la baba. Ijumaa ile sikungoja hata chai, nilipanda gari la kwanza la kwenda Isingiro na kutoka huko nikachukua bodaboda hadi nyumbani.

Mchoro wa baba ulikuwa safi, mistari imepigwa kwa ukingo wa Biblia. Kando ya barabara ameandika 40. Kwenye kona ya jiwe ameandika 60. Basi. Upande wa kupanda hakuandika kitu, kwa kuwa mpima ardhi huandika alichopima, kingine hujileta chenyewe. Juu ya ile 60 hapakuwa na alama ya digrii. Nikaona mzee amesahau, nikachukua kalamu ya bluu nikamwekea kiduara chake. Yaani nilimsahihisha marehemu baba yangu, tena nikitabasamu.

Tangenti ya digrii sitini ni 1.732. Mara arobaini, unapata mita sitini na tisa na sentimita ishirini na nane. Zile sentimita ndizo zilizonilevya. Mtu anayesema uongo hawezi kusema sentimita ishirini na nane. Nilimsomea yaya, naye akaninyanyua juu juu uani kama mtoto, mama akiwa anatuambia tupunguze sauti.

Jumamosi asubuhi tulivuta kamba, mimi na yaya, kutoka kwenye nguzo kupanda juu. Tulivuka kichuguu kikubwa, tukaingia katika maharagwe ya jirani yaliyokuwa ndiyo kwanza yanatoa maua, na bado kamba ilikuwa inadai. Yaya alichonga miti ya alama kwa panga akaipigilia katikati ya matuta ya mwenzake, mmoja juu kabisa, mingine ikishuka mshazari kuelekea jiwe. Mimi nilitangulia na karatasi mkononi. Nilikuwa natembea kwa maringo, sitaki kujificha.

Jirani alikuja na jembe begani. Hakupiga kelele. Aliitazama miti, akasema mpaka haujawahi kufika hapo, uliishia chini karibu na kichuguu, makumi tano na tano. Ndivyo tunavyosema hamsini na tano kwetu. Nikamwambia mita hazipimwi kwa kumbukumbu. Akarudia, makumi tano na tano, na marehemu alijua. Nikamsomea hesabu yote kuanzia juu hadi chini kwa sauti ya mhadhiri, na nilipoona ananitazama tu bila kuelewa, nikasema maneno ambayo hadi leo natamani ningejing'ata ulimi kabla hayajatoka.

"Papa, hesabu haijue uzee wala kanisa. Hii fasi ni yetu, na weye uko mwizi."

Kumwita mtu mwizi Nakivale si tusi la kupita. Nilijua linavyowafanya watu, nilikuwa nimeliona chini ya dirisha. Mzee aliinama akang'oa mti wa kwanza, akautupa. Akang'oa wa pili. Yaya alimwambia aache. Aliposhika wa tatu alikuwa bado ameinama, mkono wake wa kuume umeukumbatia mti, na yaya alikuwa na lile panga la kuchongea. Sikuliona likipanda. Nililisikia likishuka, mlio ule ule wa kukata mgomba, na mzee akarudi nyuma hatua mbili wakati kiganja chake kimebaki pale pale kwenye mti.

Nilivua kitenge changu nikamfunga juu ya kiwiko, nikakaza kwa kijiti. Damu ilinirukia usoni, kifuani, kwenye karatasi. Alinitazama muda wote huo na hakulia. Mke wake ndiye aliyelia, na kilio kile kilikusanya kijiji kizima.

Walimwangusha yaya na kumpiga kwa miti ile ile tuliyoichonga. Nilisikia mbavu zake. Mama alikuja mbio akajilaza juu yake, nao wakaendelea kumpiga mama mgongoni mpaka mtu mmoja alipomvuta kwa miguu. Wana wa jirani, wanaume wazima tuliokuwa tunaimba nao kwaya, walitia moto jiko letu, na upepo ukaupeleka moto hadi kwenye nyumba. Begi langu la shule liliungua na kila kilichokuwamo. Polisi wa kambi walifika wakapiga risasi hewani, la sivyo yaya asingefika kwenye gari akiwa hai. Mimi hakuna aliyenigusa. Jamaa mmoja aliinua tofali, mwingine akamshika mkono.

"Huyo muache," alisema. "Huyo anasoma."

Yaya alipelekwa mahabusu Mbarara. Wakili aliyepewa na serikali alitueleza jambo lililokuwa rahisi kuelewa. Kama kile kipande cha ardhi ni chetu kweli, basi jirani ndiye aliyevamia na jembe na kung'oa alama zetu, na yaya alikuwa analinda chake. Hakimu angeweza kumpunguzia sana, pengine kumwachia. Kama si chetu, basi alimkata mtu mkono kwenye shamba la mwenyewe, na hapo asitegemee huruma. Karatasi yangu iliwekwa kwenye faili ikiwa na madoa yake, na mimi nikaandikishwa shahidi wa kuieleza mbele ya mahakama. Mama alinishika uso kwa mikono miwili akasema Mungu alijua kwa nini alinipa kichwa.

Nikarudi chuoni. Najua mtu atauliza nilikaaje darasani. Nilikaa vizuri. Nilikuwa na hasira na jirani, na watoto wake, na kijiji kizima, na kila nilipofumba macho nikaona kile kiganja nilikimbilia tangenti. Nilijiambia kwamba mzee ameponzwa na ubishi wake. Ningeisoma hesabu ile mbele ya hakimu yeyote duniani.

Mtihani wa kati ulikuja wiki tatu baadaye. Kalkuleta yangu ilikuwa imeungua na begi, nikaazima ya msichana tuliyepanga naye chumba. Swali la kwanza lilitaka kimo cha ukuta kinachofikiwa na ngazi iliyoegemea kwa pembe ya digrii sitini. Nikabonyeza tangenti ya sitini, ikaja 1.376. Nilikuwa naijua tangenti ya sitini kama jina langu, na si hiyo. Nikafuta, nikabonyeza tena, polepole. 1.376. Sijui ni nini kilichonituma, lakini kidole kilibonyeza alama ya kuzidisha, kikabonyeza nne, kikabonyeza sifuri.

Hamsini na tano, na sentimita tano na kidogo.

Niliinuka katikati ya mtihani, kiti kikaanguka, wenzangu wakageuka. Mhadhiri alikuja akidhani nimeona jibu la mtu. Nilimwonyesha kalkuleta. Aliigeuza, akatazama herufi ndogo juu ya kioo, akacheka kidogo.

"Mtu amechezea hii. Iko kwa gradi, si digrii," alisema. "Hiyo ni ya wapima mashamba wa zamani, wale wa Wafaransa na Wabelgiji. Kona yao mraba iko mia, si tisini. Sitini yao ni kama hamsini na nne yetu."

Akabonyeza kitufe, akanirudishia, akaniambia nikae niendelee. Nilitoka nje, nikakaa kwenye ngazi.

Baba hakusahau kiduara. Baba aliandika sitini ya kwao, ya ofisi yao, ya kile kipimapembe cha shaba, na hakuona haja ya kuweka alama kwa kuwa watu wote aliofanya nao kazi walipima hivyo. Kule kwetu ningelijua hilo katika sura iliyokuwa ianze Jumatatu. Lakini sikulijua, na badala ya kuona kwamba silijui, nilichukua kalamu. Nilijichukia pale kwenye ngazi kwa namna ambayo sikuwahi kuwachukia hata wale waliomkata mjomba. Wale angalau hawakuja na karatasi.

Siku ya kuona wafungwa nilikwenda kwa yaya. Taya lilikuwa bado limevimba upande mmoja na alikaa amejikunja kwa sababu ya mbavu. Nilimweleza yote, kwa Kiswahili cha nyumbani, mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza alidhani namtania. Halafu akauliza ni nani mwingine anayejua. Nikasema hakuna.

"Basi nyamaza," akasema. "Mwalimu hajue, hakimu hajue. Mukono ya ule muzee haitarudia hata ukisema. Usinizike mi muzima juu ya hesabu."

Mama naye nilimwambia. Hakunikaripia, na afadhali angenikaripia. Aliniambia amezaa saba na amebaki na wawili, na kwamba akibaki na mmoja hatajua amfanyie nini huyo mmoja. Nikaapa kunyamaza. Niliapa kwa moyo wote, sikuwa nadanganya, na nilikwenda mahakamani nikiwa nimepanga kila neno nitakalosema.

Mahakama ilikaa Isingiro. Jirani aliitwa kwanza. Mkono uliobaki ndio alioshikia Biblia, na kile kigutu kilichofungwa kitambaa cheupe alikificha chini ya koti. Mkalimani alipomuuliza mpaka uko wapi, alisema makumi tano na tano, kama alivyoniambia mimi, kwa sauti ile ile ndogo. Wakili wetu akasimama. Alimuuliza amesoma hadi darasa la ngapi. Mzee akasema hajasoma. Alimuuliza kama anajua tangenti ni nini. Mzee akasema hajui. Wakili akainua karatasi yangu juu, akauliza kama mtu asiyejua hata kusoma jina lake anaweza kubishana na hii, na watu wachache nyuma wakacheka.

Yale yalikuwa maneno yangu, yamevaa koti na tai.

Kisha nikaitwa mimi. Yaya alikuwa kizimbani, kiasi cha hatua nne kutoka nilipokuwa, na alinikonyeza kidogo kunitia moyo, kama alivyokuwa akinikonyeza zamani tukiwa wadogo na mimi naogopa. Wakili aliuliza kama hesabu hii niliifanya mimi. Nikasema ndiyo. Akauliza kama hesabu hii ni sahihi. Nilifungua mdomo kusema ndiyo, na ndiyo ilikuwapo pale, tayari, kwenye ulimi.

"Kuzidisha ni sahihi," nikasema. "Pembe si sahihi. Nilikosea pembe. Mzee alisema kweli."

Wakili aliniambia nieleze upya, labda sikuelewa swali. Nikaeleza. Niliomba karatasi kwa karani nikachora, mraba wa tisini na mraba wa mia, na jinsi sitini ya baba ilivyokuwa ndogo kuliko sitini yangu. Hakimu alisogeza miwani. Nilikuwa bado nachora nilipoona kivuli kinanijia. Yaya alikuwa ameruka kizimba, na pingu zake zote mbili, na mnyororo wa katikati, vilinipata mdomoni kwa pigo moja. Sikujikinga. Nilianguka juu ya meza ya karani, nikaonja damu na vipande vya meno, na nikasikia virungu vya polisi vikimshukia yeye pale pale sakafuni, na yeye hakulia, alikuwa analitaja jina langu tu, mara nyingi, kana kwamba ananiita nije kumsaidia.

Alipewa miaka tisa. Siku ile mama alinipita kwenye uwanja wa mahakama bila kugeuka, akapanda gari na watu wa kijiji, na mimi nikabaki nimeshika mdomo kwa kitambaa cha mke wa jirani. Ndiyo, wa jirani. Alinipa, akaondoka.

Ule mtihani niliurudia baada ya muhula, nikafaulu. Nilipata alama za juu. Sijui nifanye nini na habari hiyo, lakini ndiyo kweli.

Kuna jambo sijalisema mpaka sasa, kwa sababu linaniaibisha kuliko yote. Kwetu mpaka haupimwi na upande mmoja. Mwenye shamba hili anashika ncha ya kamba, mwenye shamba lile anashika ncha nyingine, na hakuna anayepigilia mti mpaka wote wawili waseme wameona. Hili nililijua tangu sijajua kusoma. Baba alipolipima shamba letu, ni jirani aliyemshikia kamba kutwa nzima, hata walipouvuta upande wa kupanda kuhakikisha hesabu, na ndiyo maana alijua namba ile bila kujua hesabu. Jumamosi yetu, ncha ya pili nilimpa kaka yangu, maana nilikuwa na karatasi na karatasi haihitaji jirani.

Ofisi ya kambi iliagiza mpaka uwekwe upya, kwa kipimo cha mahakama. Nilikwenda peke yangu mchana kweupe na kamba mpya na miti mitano. Mama alikuwa ndani ya kibanda cha turubai tulichojengewa pale nyumba ilipoungua, na hakutoka. Nilizunguka nyumba kwa nyumba kuomba mtu wa kunishikia ncha, na kila mtu alikuwa na kazi. Nikairudia nguzo, nikaifunga kamba, nikasimama.

Alishuka yeye mwenyewe kutoka shambani kwake. Hakunisalimu. Aliiokota ncha ya kamba, akaizungusha mara tatu kwenye kiganja cha kushoto, akaibana na kigutu kifuani, akapanda. Nilimfuata na miti na nyundo. Karibu na kichuguu kamba ilikaza, naye akasimama. Nilipiga magoti nikatazama alama ya mita kwenye kamba. Ilikuwa hamsini na tano.

"Ile siku ungenipa tu kamba," akasema. "Ningeishika na mikono yote mbili."

Nilipigilia mti, maana alikuwa bado ameishika.